Mwalimu wa Sayansi na Mitandao ya Kijamii

Miongoni mwa mashauri wanayopewa walimu na wanafunzi wa sekondari siku hizi, ni machache yanayorudiwa kama hili: kwamba kila mwenye taaluma hana budi kujenga jina lake katika mitandao ya kijamii. Semina hufanywa juu ya jambo hilo, na vijitabu huandikwa. Mwenye kushauriwa huambiwa atafute picha nzuri, aandike wasifu mfupi wenye maneno ya kuvutia, atoe chapisho kila siku, tena katika saa ambazo watu wengi wamefungua simu zao, na ahesabu wafuasi wake kila mwisho wa mwezi kama mwenye duka ahesabuvyo mauzo. Shauri lenyewe si baya. Ubaya uko katika sababu zake, kwani zimetoka katika biashara ya kutangaza sabuni na vinywaji, wala hazikutoka katika sayansi. Na mtu afuataye sababu zisizo zake aghalabu hufika mahali asipopakusudia.

Yafaa kuuliza kwanza ni haja gani inayomlazimu mwalimu wa sayansi ajulikane nje ya shule yake. Shule nyingi za sekondari za Tanzania, hasa zile za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, zina mwalimu mmoja tu wa fizikia, na nyingine hazina hata huyo. Mwalimu huyo hufundisha bila ya kuwa na mtu wa kumsahihisha. Jaribio likimshinda, hujua tu kwamba limemshinda; mwanafunzi akimwuliza swali lisilo kitabuni, hana mlango wa jirani wa kwenda kubisha. Anaweza kurudia kwa miaka 10 kosa ambalo mwenzake angeliliondoa kwa dakika 5, na katika miaka hiyo mamia ya wanafunzi huondoka nalo. Hasara ya namna hii haiandikwi katika taarifa yoyote ya mwaka, kwa kuwa hapana anayeiona. Mtu aliye katika hali hiyo anauhitaji mtandao wa kijamii kwa sababu moja iliyo wazi: ndani yake wamo watu wanaoyajua asiyoyajua yeye, na ambao hana njia nyingine ya kuonana nao.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu wa elimu-jamii tangu zamani, kabla mitandao hiyo haijakuwapo. Mwaka 1973 Mmarekani Mark Granovetter alichapisha katika jarida la American Journal of Sociology makala iliyohusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, ambao walikuwa wamebadili kazi karibuni. Kati ya wale waliopata habari ya kazi kwa njia ya mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walisema kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Idadi ya watu waliohesabiwa katika swali hilo ilikuwa ndogo, 54, lakini maelezo ya Granovetter juu ya chanzo cha jambo hilo yalikuwa na nguvu kuliko idadi yenyewe.

Alieleza hivi. Marafiki wa karibu wa mtu, aghalabu, ni marafiki wao kwa wao. Hukaa pamoja, husikia habari zile zile, na husoma mambo yale yale. Kwa hiyo jambo asilolijua mmoja huelekea kutojulikana na wote. Mtu anayefahamiana nao kwa mbali huishi katika kundi jingine, na habari za kundi hilo ni mpya kwao. Uhusiano dhaifu ndio daraja kati ya makundi mawili. Msomaji aliye mwalimu anaweza kulipima jambo hili katika chumba cha walimu cha shule yake: watu 12 wanaokunywa chai pamoja kila siku kwa miaka 6 watakuwa wamekwisha ambiana karibu yote wanayoyajua, na swali la fizikia lililowashinda mwaka wa kwanza litawashinda na mwaka wa sita.

Kwa muda mrefu nadharia hiyo haikupata jaribio la kweli, kwa maana ya jaribio lenye kundi la kulinganishia. Ni mitandao ya kijamii yenyewe iliyoliwezesha. LinkedIn, mtandao wa watu wa taaluma uliofunguliwa mwaka 2003, una programu inayompendekezea kila mtumiaji watu anaoweza kuwa anawajua. Kwa muda wa miaka 5 programu hiyo ilibadilishwa kidogo kidogo, baadhi ya watumiaji wakipendekezewa zaidi watu wa karibu nao, na wengine zaidi watu wa mbali. Majaribio hayo yaliwahusu watu zaidi ya milioni 20. Mahusiano mapya kama bilioni 2 yaliundwa, na kazi mpya kama 600,000 zilipatikana. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2022. Granovetter alikuwa amekisia vema, lakini si kikamilifu: mahusiano yaliyo dhaifu kiasi ndiyo yaliyosaidia zaidi watu kupata kazi mpya, ilhali yale yaliyo dhaifu mno, ambapo watu wawili hawana hata mmoja wanayemjua wote, hayakuwa na nguvu hiyo. Tena, mahusiano dhaifu yalifaa zaidi katika kazi zinazotumia sana teknolojia ya kompyuta. Katika kazi zisizoitumia sana, mahusiano ya karibu ndiyo yaliyofaa.

(Watu hao milioni 20 hawakuombwa idhini mmoja mmoja kabla ya kuingizwa katika jaribio. Mwalimu wa sayansi angefanya vema kulijadili jambo hilo darasani, kwani ni somo lenyewe.)

Majaribio hayo yalipima upatikanaji wa kazi, wala hayakupima upatikanaji wa maarifa. Walakini Tanzania ina mfano maarufu wa maarifa yaliyopita juu ya daraja dhaifu, na mfano huo ulitokea wakati simu yenyewe ilikuwa kitu cha nadra. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Wavulana wa shule hiyo walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa inakwisha. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba, asije akakosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yamekwisha ganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Na tangu hapo wenzake wakawa wakilitumia neno hilo kumcheka kila akosapo.

Kisha mkuu wa shule akamwalika mgeni. Dkt. Denis Osborne alifundisha fizikia Dar es Salaam, katika chuo ambacho siku hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alikuja Mkwawa kutoa mhadhara, na baada ya mhadhara Mpemba alisimama kuuliza. Namna alivyouliza yastahili kuangaliwa kwa makini. Alisema kwamba ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo ulio sawa, kimoja kikiwa na maji ya nyuzi 35 za Selsiasi na kingine ya nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Wanafunzi walicheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kwamba atajaribu, na aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye hivyo. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la Physics Education, nayo ina majina mawili: Mpemba kwanza, Osborne baadaye.

Hapa pana yote ambayo semina zile huyasahau. Osborne hakuwa rafiki wa Mpemba, wala ndugu, wala mwalimu wake; walikutana kwa sababu mkuu wa shule alitoa mwaliko. Hilo ndilo daraja. Na kitu kilichovuka juu ya daraja hilo kilikuwa swali lenye vipimo, ambalo mtu aliye mbali aliweza kulijaribu kwa mikono yake bila ya kumjua aliyeuliza. Laiti Mpemba angesimama na kusema tu kwamba ana mambo ya ajabu kuhusu aiskrimu, mgeni angelitabasamu na kupanda gari. Mpemba hakuwa na wasifu wa kuvutia. Alikuwa na nyuzi 35 na nyuzi 100.

Yafaa kuongeza kwamba jambo lenyewe halijaisha. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilitangaza shindano la kulieleza, ikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha katika jarida la Scientific Reports makala iliyotilia shaka kama jambo hilo hutokea kabisa, wakionyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa sentimita moja juu au chini ndani ya chombo huweza kubadili jibu. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alifanya kazi katika idara ya wanyama pori. Jina lake linatajwa hata na wale wasiokubali kwamba maji ya moto huwahi kuganda, kwa kuwa alisema jambo linaloweza kupimwa na kukanushwa.

Kicheko cha wanafunzi wa Mkwawa nacho kisipitwe. Katika mitandao ya kijamii kicheko huwa kikubwa zaidi, hutoka kwa watu wasiojulikana, tena hubaki kimeandikwa. Hicho, kuliko ukosefu wa bando au wa simu nzuri, ndicho kinachowanyamazisha walimu wengi. Mwalimu mwenye shahada huogopa kuuliza mbele za watu jambo ambalo pengine angepaswa kulijua. Huona heri abandike picha ya mahafali, ambayo hakuna anayeicheka. Kwa hiyo mitandao hujaa picha za mahafali na vyeti vya semina, na maswali hubaki vifuani. Kama liko jambo moja ambalo wenye vyeo katika elimu wangeweza kulifanya kwa faida ya walimu wa sayansi, ni wao wenyewe, maprofesa na wakaguzi, kuuliza maswali hadharani na kukubali kusahihishwa hadharani. Mpaka sasa wachache hufanya hivyo.

Ama hesabu ya wafuasi, ambayo semina huifanya kipimo cha mafanikio, upo uchunguzi mzuri juu yake. Wanasayansi 11 wenye wafuasi wengi katika mtandao wa Twitter walichagua makala 110 kwa bahati nasibu wakazitangaza, na kila moja ikalinganishwa na makala 4 za jarida lile lile ambazo hawakuzitangaza. Matokeo yaliyotolewa katika jarida la PLOS ONE mwaka 2024 yalionyesha kwamba makala zilizotangazwa zilipakuliwa zaidi, hasa siku ile ile ya kutangazwa. Lakini baada ya miaka 3 hapakuwa na tofauti ya kutegemewa katika idadi ya mara zilivyonukuliwa na watafiti wengine. Watu walizitazama, wakaenda zao. Kutazamwa ni kitu kimoja na kutumiwa ni kitu kingine, na mwalimu anayetaka kitu cha pili asijilishe kwa hesabu ya kile cha kwanza.

Je, mtu hudumishaje jina lake la kitaaluma kwa muda mrefu, akiwa mbali na vyuo vikuu? Mfano ulio bora ni wa zamani sana. Antoni van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya wanazuoni wa Ulaya. Alijua kusaga lenzi ndogo kupita mtu yeyote wa wakati wake. Mwaka 1673 daktari wa mji wake, Reinier de Graaf, alimtambulisha kwa barua kwa Royal Society ya London, nalo likawa daraja lake. Tangu hapo Leeuwenhoek aliandika barua kwa jumuiya hiyo kwa muda wa miaka 50, mpaka alipofariki mwaka 1723, akieleza alichokiona katika maji ya ziwa, katika utando wa meno na katika damu. Mwaka 1676 alipoeleza juu ya viumbe wadogo mno waliojaa ndani ya maji, wanazuoni wa London hawakusadiki. Yeye hakukasirika wala hakuacha kuandika. Alipeleka ushahidi wa watu waheshimiwa wa mji wake waliotazama kwa macho yao. Mwaka 1677 Robert Hooke alilirudia jaribio, akawaona viumbe hao, na mwaka 1680 mfanyabiashara huyo akafanywa mwanachama wa jumuiya.

Mambo mawili katika habari hii yanamhusu mwalimu wa Afrika ya Mashariki moja kwa moja. La kwanza ni lugha. Leeuwenhoek aliandika kwa Kiholanzi chake, lugha ambayo wasomaji wake wengi hawakuijua, na barua zake zikatafsiriwa kwa sababu yaliyomo yalistahili taabu hiyo. Mwalimu wa Tanzania hufundisha sekondari kwa Kiingereza, na karibu kila anayeandika mtandaoni juu ya sayansi huandika kwa lugha hiyo, hata pale Kiingereza chake kinapomficha badala ya kumfunua. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa wilaya ya jirani, ambaye ndiye angeweza kulirudia jaribio kwa vifaa vile vile, hulipita andiko bila kulielewa vizuri. Istilahi zipo; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na kamusi isiyotumiwa hubaki orodha tu. Andiko la Kiswahili lenye vipimo, likifuatwa na sentensi mbili za Kiingereza kwa ajili ya msomaji wa mbali, litawafikia wote wawili. Jambo la pili si la kuigwa. Leeuwenhoek alitoa alichokiona, lakini namna yake iliyo bora ya kutazama aliificha, na alipokufa hapakuwa na mtu wa kuiendeleza. Anayetangaza jibu na kuficha njia huwaachia wenzake kitu wasichoweza kukitumia.

Sasa yatazamwe maandiko mawili ambayo mwalimu wa kemia angeweza kuyatoa baada ya kipindi kimoja. Katika la kwanza ipo picha ya wanafunzi wakitabasamu kando ya glasi zenye rangi, na maneno kwamba leo kidato cha pili wamelifurahia somo la asidi na besi. Litapata pongezi nyingi. Katika la pili mwalimu anasema kwamba shule haina karatasi za litmasi. Kwamba wanafunzi walichemsha gramu 10 za rosela kavu katika mililita 200 za maji kwa dakika 15, wakachuja. Kwamba maji hayo yalikuwa mekundu sana yalipotiwa ndimu na yakageuka kijani yalipotiwa magadi. Kwamba yalipotiwa maji ya kisima cha shule yalipata rangi ya katikati ambayo wanafunzi hawakukubaliana waiite nini. Na anauliza ni nani mwenye visima vya chumvi ameona rangi kama hiyo, na kwa vipimo gani. Andiko hili la pili litapata pongezi chache. Lakini mwalimu mmoja wa mbali atalijaribu kesho yake kwa maji yake, mwanakemia mmoja wa chuo kikuu ataeleza habari za anthosianini zinazobadilika rangi kwa kadiri ya asidi, na mtu wa tatu atasema kwamba gramu 10 ni nyingi mno. Mwandishi wake amepata watu watatu wa kuwaandikia muhula ujao. Kazi ya kudumisha jina ni hiyo, nayo ina sharti moja gumu: mwalimu arudi kuwajibu, na aseme jaribio la pili lilikwendaje, hata kama lilikwenda vibaya.

Yako mambo madogo ya utaratibu ambayo huonekana hayana maana mpaka yanapokosekana. Jina ni mojawapo. Watu wa Afrika ya Mashariki huandikwa mara kwa jina la baba, mara kwa la babu, mara kwa herufi za mwanzo. Mwalimu mmoja anaweza kuwa watu watatu katika orodha tatu, na watu watatu wakawa mmoja. Tangu mwaka 2012 liko shirika la ORCID linalotoa bure namba ya tarakimu 16 kwa mtafiti yeyote, ambayo haibadiliki hata akioa, akiolewa, au akihama kazi. Mwalimu mwenye makala hata moja, au anayetazamia kuandika moja, na aichukue namba hiyo mapema, kisha aandike jina lake kwa namna moja kila mahali.

Jambo jingine ni umiliki, na hili ni zito zaidi. Anayejenga jina lake katika mtandao wa kijamii hujenga katika kiwanja cha mtu mwingine, kwa hati ambayo mwenye kiwanja aweza kuibadili usiku. Google+ ilifunguliwa mwaka 2011, na wapo watafiti waliokusanya huko mijadala mizuri. Ilifungwa kwa watu wa kawaida mwezi wa Aprili 2019, na mijadala ikaenda nayo. Mwaka 2023 Twitter ilibadilishwa jina ikawa X, na mwaka huo huo watafiti wengi waliokuwa wakipata bure takwimu zake kwa uchunguzi walifungiwa mlango. Hata njia yenyewe si ya kutegemewa daima: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao wa intaneti ukadhoofika sana Tanzania na katika nchi jirani. Kwa hiyo kila andiko lenye thamani liandikwe kwanza katika daftari la maabara la shule, kwa wino, pamoja na tarehe na vipimo, ndipo lipelekwe mtandaoni. Daftari ndilo kazi yenyewe; chapisho ni nakala yake.

Kuhusu wanafunzi pana haja ya hadhari. Mitandao mingi hairuhusu mtu aliye chini ya umri wa miaka 13, na LinkedIn hutaka mtu awe ametimiza 16. Wanafunzi wengi wa vidato vya chini basi hawastahili kuwa na kurasa zao wenyewe huko, na hakuna hasara katika hilo. Klabu ya sayansi ya shule yaweza kuwa na ukurasa mmoja unaosimamiwa na mwalimu, wanafunzi wakiandika kwa zamu, na kazi ya kila mmoja ikitambuliwa ndani ya daftari. Sura za watoto hazina kazi katika maelezo ya jaribio. Picha ya glasi na ya kipimajoto yatosha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019. Mwalimu anayebandika picha za darasa zima pamoja na majina na jina la shule angefanya vema kuisoma kwanza.

Baadhi ya wakuu wa shule husema kwamba mambo haya ni ya kupoteza muda, na kwamba mwalimu mwenye kujulikana mtandaoni ni mwalimu anayejitafutia kazi mahali pengine. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Majaribio ya LinkedIn yaliyotajwa hapo juu yalipima jambo hilo hilo la watu kuhama kazi. Lakini mkuu wa Shule ya Mkwawa alipomwalika Osborne alihatarisha mchana mmoja wa masomo, na hakujua kitatoka nini. Kumwita mhadhiri kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa kulihitaji nauli, chakula na malazi. Leo mkuu wa shule hahitaji kulipa nauli ya mtu yeyote. Anachotakiwa ni kutomkemea mwalimu anayeuliza swali hadharani, na pengine kumpa bando la mwezi kutoka katika fungu la vifaa vya maabara. Wala si lazima maandiko yawe ya kila siku. Mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki na madaftari 200 ya kusahihisha hawezi kutoa jambo la maana kila siku, na akilazimishwa atarudi kwenye picha za mahafali. Matatu kwa muhula, yenye vipimo na swali moja lililo wazi, yanatosha kwa shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia.